Dakika Kumi na Mbili za Saa ya Njiwa

Sumbawanga, Jumapili mchana

Mwanangu Skola,

Umetoka sasa hivi kwenda Chanji kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko uani anapiga pasi nguo zako. Mambo ya blanketi, ya sabuni na ya kukaa na wenzako bwenini ameshakwambia yote, mengine mara mbili, na mimi sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa nyumbani tunasema Kifipa. Kifipa sikufundishwa kukiandika. Na hata ningefundishwa, haya ninayotaka kukwambia yangenishinda kwa Kifipa kabla sijafika katikati.

Kesho usiku au keshokutwa, barabara ikikubali, utakuwa mlangoni kwa mjomba wako Anselmi kule Mbeya. Utakaa kwake mpaka chuo cha uuguzi kifunguliwe. Ulikuwa mdogo alipoondoka, na sasa unamjua kwa ile picha moja ya harusi yetu, yule kijana mrefu aliyesimama nyuma ya mama yako. Tumekwambia siku zote kwamba alihama kufuata kazi. Si kweli. Alihama kwa sababu yangu, na nataka ulisikie hilo kwangu kabla hujaketi mezani kwake.

Ile saa ya sanduku iliyo juu ya kabati, unakumbuka nilivyokuchapa kwa kuigusa? Sijawahi kukuchapa tena, na siku ile hukuwa na kosa. Nilikuwa naichapa saa, ila mkono wangu uliangukia kwako.

Hiyo ni saa ya njiwa. Padre mzee wa misheni yetu alitoka nchi ambako watu wazima hushindanisha njiwa kama sisi tunavyoshindanisha timu za mpira. Njiwa huvalishwa pete mguuni, hupelekwa mbali, huachiwa, naye hurudi kwao. Akitua, mwenye njiwa humvua pete, huitia kwenye kikombe kidogo cha shaba kisichozidi ncha ya kidole, hutumbukiza kikombe kwenye tundu la saa na kuvuta mkono wa pembeni. Kule ndani saa hugonga chapa kwenye karatasi: saa, dakika, sekunde. Ili watu wasidanganyane, sanduku hutiwa kufuli na lakiri ya madini ya risasi tangu saa inapowekwa sawa mpaka mashindano yaishe. Katikati hapo hakuna wa kuigusa, hata mwenyewe.

Padre aliujaribu mchezo huo hapa Ufipa. Njiwa wake walipakiwa kwenye Landrova mpaka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga, wakaachiwa wapande juu warudi kwake. Mwewe wa kwenye ukingo wa milima waliwamaliza karibu wote. Alipokuwa anarudishwa kwao kwa ugonjwa, aliniita. Nilikuwa nimejifunza ufundi saa kwenye karakana ya misheni, na yeye ndiye aliyeniingiza pale. Akanipa lile sanduku. Lilikuwa limenyeshewa misimu miwili chini ya banda la njiwa lililobomoka.

"Ukiiamsha, Mathiasi, ni yako," akasema.

Nilikaa nayo miezi minane. Skola, sijui nikuelezeje raha ile. Niliifungua skrubu moja moja, nyingine zimeganda kwa kutu hata nikazilowesha kwenye mafuta ya taa wiki nzima. Ndani kulikuwa na kiota cha panya kilichofumwa kwa karatasi zake mwenyewe. Niliosha magurudumu kwa petroli na brashi ya manyoya ya mbuzi. Springi kuu ilikuwa imekatika. Nikaipasha moto ncha, nikaitoboa upya, nikaikunja. Meno mawili ya gurudumu moja nikayachonga kwa shaba ya ganda la risasi. Mjomba wako Anselmi ndiye aliyenitengenezea sanduku jipya, maana la zamani lilikuwa limeoza pembeni. Alikuwa seremala, mkono wake mtulivu kuliko wangu. Jioni alikuwa anakuja, anakaa kwenye kigoda, ananishikia taa, hasemi neno mpaka nimalize. Hatukuwa mashemeji tu. Alikuwa rafiki yangu.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Ndani ya saa kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku, na linashikwa na springi nyembamba kama unywele. Huo unywele ndio unaoamua saa iende kasi gani. Wa ile saa ulikuwa umeliwa na kutu. Nikachukua wa saa ya mezani iliyokufa, nikauunga. Ulikuwa mfupi. Ukiwa mfupi, gurudumu linaharakisha, na saa inakimbia. Niliusogeza mpaka mwisho wa kusogezeka, bado ilikimbia, dakika moja na kidogo kila saa moja. Nikajiambia si neno, nitapata mwingine mzuri Mbeya au Dar es Salaam, hii ni saa ya kutazama tu. Njiwa wenyewe wamekwisha.

Kisha tukahamishwa. Operesheni ya vijiji umeisoma shuleni na sitakurudishia. Nitakwambia tu kwamba kijiji kipya kilipangwa mistari miwili, sisi tukaangukia karibu na ofisi, na Anselmi akapewa kiwanja ng'ambo ya kijito pamoja na bibi yako, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameanza kuvimba miguu. Anselmi akachaguliwa balozi wa nyumba kumi za kule ng'ambo. Kazi ya shamba la kijiji ilianza saa moja asubuhi. Kila balozi alitakiwa awe amefika mbele ya ofisi na watu wake wote.

Watu walichelewa. Baridi ya Juni hapa kwetu unaijua, na wengine walikuwa wanavizia kupalilia vishamba vyao kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa kelele lakini si mtu mbaya sana; alikuwa anasukumwa kutoka juu. Siku moja akaja kwangu na saa yake ya mkononi, akaliona lile sanduku. Nikamwonyesha. Nilikuwa na hamu ya kuonyesha, usifikiri alinilazimisha. Nikatia kikombe, nikavuta mkono, nikafungua, nikampa karatasi yenye chapa. Akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hii haibishani na mtu," akasema.

"Haibishani, Ndugu Mwenyekiti."

Wiki ile ile akaja na bwana mmoja kutoka wilayani. Tukaiweka sawa saa na mlio wa redio wa saa saba mchana, na hapo hapo nikapiga chapa. Ikatoka saa saba kamili, sekunde mbili. Watu walipiga makofi. Yule bwana akaniuliza, "Fundi, inaaminika?"

Nikajibu, mbele ya kijiji kizima, "Haikosei hata sekunde."

Hilo ndilo neno, mwanangu. Sikulazimishwa. Sikuwa nimelewa. Nilipigiwa makofi, basi.

Ikapangwa hivi. Kila jioni, redio ikitoa mlio wa saa mbili, naiweka sawa mimi peke yangu, kisha mwenyekiti anatia kufuli na lakiri, sanduku linalala ofisini. Asubuhi kila balozi akikamilisha watu wake anatumbukiza kikombe chake. Vikombe nilivipiga namba kwa msumari, navyo vilijipanga ndani kwa zamu ya kuingia. Cha Anselmi kilikuwa namba tisa. Jioni lakiri inakatwa na karatasi inasomwa. Nami nikafanywa mtunza saa. Mtunza saa hashiki jembe. Nilikaa kwenye baraza la ofisi na koti langu, nikiwatazama jirani zangu wakienda shambani kwenye umande.

Sasa hesabu mwenyewe. Kutoka saa mbili ya usiku mpaka saa moja ya asubuhi, saa yangu ilikuwa imeshakimbia dakika kumi na mbili. Mabalozi wa huku karibu walikuja mapema kwa woga, haikuwagusa. Wa ng'ambo walikuwa na kijito cha kuvuka na mwendo wa kupanda. Wakifika na dakika tano za akiba, karatasi ilisema wamechelewa dakika saba.

Kwamba inakimbia nilijua tangu nilipoitengeneza; kwamba inawaonea watu nilijua wiki ya kwanza. Usikubali mtu akwambie baba yako alikuwa hajui. Shule ya misheni ilikuwa inapiga kengele saa moja, na upepo ukitoka upande ule tuliisikia. Niliisikia nimesimama kando ya sanduku, watu wa Anselmi wameshajipanga, na saa yangu inaonyesha saa moja na dakika kumi na mbili. Nikatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Hakuna. Kioo cha saa kilikuwa upande wangu.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka kumi. Ningesema, saa ingevunjiwa heshima na mimi pamoja nayo. Ningerudi kwenye jembe. Na yule bwana wa wilayani angeniuliza kwa nini nilidanganya. Kila Jumamosi nilijiambia kesho Jumapili nitamwambia mwenyekiti. Jumapili nikitoka misa nilimkuta na watu, nikapita.

Anselmi alinifuata wiki ya tatu. Alikuja peke yake, hakukaa kwenye kigoda.

"Shemeji," akasema, "saa yako inakimbia."

"Nani kasema?"

"Kengele imelia leo watu wangu wako kwenye mstari. Nimewahesabu mwenyewe. Karatasi inasema tumechelewa."

"Kengele inavutwa na mtu, Anselmi. Mtu huamka amechelewa."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya kupima, ya useremala, yale ya kufumba moja na kutazama ubao kama umenyooka.

"Siiulizi kengele," akasema. "Nakuuliza wewe."

Nikamwambia, "Saa haijui kudanganya."

Akaondoka. Mama yako alikuwa anachambua mchicha karibu na mlango. Hakuinua uso, lakini mikono yake ilisimama.

Baada ya hapo Anselmi akaanza kubisha hadharani. Jioni karatasi inaposomwa alisimama na kusema, "Namba tisa hatukuchelewa." Kesho tena. Watu wa nyumba zake nao wakaanza kusimama. Mwenyekiti akaogopa, na mtu mwenye cheo akiogopa huwa mkali. Likatoka neno: mgomo baridi. Kwamba balozi wa ng'ambo anawafundisha watu kuichezea kazi ya kijiji. Wakawachimbisha choo cha shule kama adhabu, wakachimba, na bado Anselmi akasimama na kusema maneno yale yale. Ningependa angenyamaza. Ndivyo nilivyofikiri, Skola: nilimkasirikia yeye. Nilijiambia, anapungukiwa nini akiwahi dakika kumi zaidi?

Wakaja kumchukua siku ya Alhamisi, mgambo wawili na askari mmoja, kumpeleka hapa mjini akahojiwe. Mwenyekiti alikuwa na karatasi zote kwenye bahasha, kila moja na chapa ya saa yangu. Aliponipita barazani Anselmi alisimama kidogo. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Mtazameni mama, uvimbe wa miguu umepanda." Basi wakaenda.

Bibi yako alikufa siku ya kumi na moja. Maji yalimfika kifuani. Katika siku zake za mwisho alikuwa anauliza kila anayeingia kama ni Anselmi. Mimi nilipoingia aliuliza pia, na sauti yangu ilipomfikia aligeuza uso ukutani. Sidhani alijua lolote. Alikuwa anamtaka mtoto wake, na mimi sikuwa yeye.

Tulituma mtu mjini kuomba Anselmi aachiwe kwa mazishi. Akarudi na jibu kwamba mkubwa hayupo. Hatukuweza kungoja. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee, unajua mahali pake kaburini ni wapi. Walinisukuma mimi mbele. Nikatupa udongo wa kwanza badala yake. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa umenishika suruali, ukauliza kwa sauti, watu wote wakasikia, "Baba, mjomba yuko wapi?" Nikakwambia yuko safarini.

Siku ile, watu walipokwisha kutawanyika, mama yako aliniita nyuma ya nyumba. Kitambaa cha msiba kilikuwa bado kichwani.

"Kengele na saa yako," akasema, "ipi ya kweli?"

"Kengele."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana. "Tangu wiki ya kwanza," nikamwambia.

Alivua kitambaa, akakikunja, akakifungua, akakikunja tena. Kisha akasema, "Mimi sina ndugu mwingine, Mathiasi," akaingia ndani. Alikaa nami nyumba moja na hakuniambia neno siku nyingi, isipokuwa la chakula.

Asubuhi yake, watu walipokuwa wamejipanga mbele ya ofisi, nilitoa kisu changu cha kazi nikakata lakiri. Mgambo mmoja alinishika mkono. Nikasema kwa sauti, "Saa hii inakimbia dakika kumi na mbili kila asubuhi. Namba tisa hawakuchelewa hata siku moja. Mimi nilijua."

Nilidhani watanipiga. Mwanamke mmoja wa ng'ambo, aliyechimba choo akiwa na mimba, alicheka kicheko kifupi, na kicheko kile kiliniuma kuliko kofi.

Mwenyekiti akanivuta ofisini, akafunga mlango. "Umeingiwa na nini, fundi? Karatasi zimeshakwenda wilayani. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie ninavyosema."

"Watatufunga sote wawili. Rudisha kifuniko. Nitatia lakiri nyingine, nitawaambia watu umechanganyikiwa kwa msiba. Wataelewa."

Alikuwa amenifungulia njia ya kuponea, mwanangu. Ilikuwa njia nzuri kabisa. Nilishika kifuniko mkononi, na sitakuficha, nilikitazama muda kuliko ilivyopasa. Kisha nikalibeba sanduku, nikatoka, nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira. Hakuna aliyenizuia. Nadhani mgambo walikuwa wanamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa anatazama chini.

Nilifika mjini jioni, vumbi tupu. Siku ya pili asubuhi nikapokelewa na bwana mwingine wa wilayani, mtu wa Mbeya, mpole wa maneno lakini haonyeshi anachofikiri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni shemeji yake," akasema. "Kwa nini nisiseme umekuja kumtoa ndugu yako kwa uongo?"

"Usiniamini mimi. Iamini saa yako, mzee."

Nikamwomba aiweke saa ya njiwa sawa na yake ya mkononi, aifunge mwenyewe, atie lakiri yake, aikalishe mezani kwake mchana kutwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Akafanya. Kisha akaagiza Anselmi aletwe kutoka mahabusu, tukakalishwa kwenye benchi moja la korido, askari mlangoni, tungoje.

Anselmi alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Aliponiona uso wake ulichangamka, kweli ulichangamka, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Neno lake la kwanza likawa, "Mama hajambo?"

Hawakuwa wamemwambia.

Nilimwambia. Nilimwambia tulimzika Jumanne, karibu na ua, na kwamba nilishika nafasi yake. Aliweka mikono juu ya magoti akaitazama. Wafanyakazi walikuwa wanapita na mafaili. Kisha akauliza kama mama alimtaja. Nikasema alimtaja mpaka mwisho.

Nikafikiri, inatosha, lile jingine nitamwambia siku nyingine. Ndivyo nilivyofikiri hata pale. Lakini mezani kwa yule bwana kulikuwa na lile sanduku linakimbia, na jioni lingemwambia kabla yangu. Nikasema, "Anselmi, saa ilikuwa inakimbia, unywele wake ulikuwa mfupi. Uliponijia nilikuwa najua."

Hakugeuka. Tulikaa vile mpaka saa tisa. Muda wa saa saba, Skola. Hakusogea mbali nami kwenye benchi, wala hakusogea karibu. Adhuhuri askari alileta maji kwenye kikombe kimoja. Anselmi akanywa, akaniwekea nusu, akakiweka katikati yetu bila kunitazama. Sikuweza kunywa.

Saa tisa yule bwana akatuita. Akakata lakiri yake mwenyewe, akapiga chapa, akalinganisha na saa yake, kisha akatuma mtu posta akalinganishe na saa ya kule. Saa ya njiwa ilikuwa mbele dakika nane. Akaichukua ile bahasha ya karatasi, akazitazama moja moja kama mtu anayetafuta moja ya kuokoa. Akaandika barua ya kumwachia Anselmi. Mimi akanambia, "Wewe nenda nyumbani. Sina kifungu cha sheria cha ulichofanya." Ningependa angekuwa nacho.

Nje, Anselmi alisimama kwenye ngazi akifumba macho kwa jua. Hapo ndipo aliponiambia maneno ambayo sijayasahau.

"Unywele kuwa mfupi si kosa lako. Ningekusaidia kutafuta mwingine. Mimi nilikuja kwako nikakuuliza, Mathiasi. Nilikuja peke yangu ili usiaibike."

Akaenda kijijini kwa miguu, akakaa kaburini siku mbili, akafunga vyombo vyake vya useremala, akaondoka na mkewe kwenda Mbeya. Sisi tulikaa miezi michache zaidi. Nililimishwa, nikachimbishwa, na hayo niliyaona ni haki. Kilichonishinda ni kwamba watu walinisalimia vizuri tu, lakini hakuna aliyeniletea saa. Ndipo tukahamia hapa mjini. Uliuliza kwa nini tunahama, nikakwambia biashara.

Unywele wenye urefu sahihi niliupata miaka miwili baadaye, kwa bruda mmoja wa misheni aliyeutoa likizo kwao. Niliuweka. Sasa haikimbii. Nimeipima kwa redio mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila ikitoka sawa sioni furaha yoyote. Ilipokuwa inakimbia walikuwepo watu wa kuihitaji ikiwa sawa.

Unakwenda kuwa muuguzi. Utaandika joto la mgonjwa kwenye karatasi, na daktari ataamini karatasi. Kuna siku utakosea. Mkono utakosea, macho yatakuwa na usingizi. Hapo hapo, kwenye saa ile ya kwanza, kosa huwa jepesi, linabebeka kwa mkono mmoja. Langu lilikuwa hivyo siku ya kwanza. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Barua yako ya kuchaguliwa chuo ilipofika, mama yako ndiye aliyemwandikia kaka yake. Sikumwambia aandike, wala sikumzuia. Ilikuwa barua ya kwanza kutoka nyumba hii kwa miaka kumi. Jibu lilikuja wiki iliyopita. Wewe ulikuwa umekwenda kupima afya hospitali. Ni karatasi ya daftari, mstari mmoja: "Mathiasi amlete mtoto."

Nikasema vizuri, amekubali, Skola anajua kupanda basi, atakwenda. Mama yako akanipa ile karatasi tena. "Soma vizuri. Hakuandika mtumeni. Kaandika wewe umlete."

Nilibishana naye siku tatu. Nilisema kuna kazi za watu mezani. Nilisema ni namna tu ya kuandika. Nilisema huenda ananiita ili anitukane mbele ya mwanangu, na mama yako akanijibu, "Huenda." Jana asubuhi nilikwenda stendi. Yule mkata tiketi akaniuliza wangapi, na nilisimama pale mpaka mtu wa nyuma yangu akanisukuma kidogo begani.

Nimekata mbili.

Sijui atafungua mlango akiwa na uso gani. Sijui nitasema nini. Yote niliyoyatunga tangu jana yananitoka. Lakini sikutaka usimame kando yangu pale mlangoni bila kujua kwa nini baba yako anatetemeka. Ndiyo sababu nakupa karatasi hii leo, ukirudi, mkononi. Isome hapa hapa nyumbani, mama yako akiwepo. Usiku huu ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Kesho tutakaa kiti kimoja mpaka Tunduma na kupita, na njia ile ni ndefu. Niulize lolote. Sitakujibu kwamba saa haijui kudanganya.

Baba yako,
Mathiasi